Unene wa Musimbi

Mwaka ule binti yangu Musimbi alisifiwa kuliko mtoto yeyote kijijini kwetu, na kila sifa aliyopewa ilikuwa ya uongo. Sisemi watu walidanganya kwa makusudi. Walisema walichokiona, na walichokiona ni mashavu. Walinisimamisha njiani, wakageuza uso wa mtoto mgongoni mwangu bila hata kuniomba ruhusa, wakamminya shavu na kusema, "Huyu ni mtoto ya miwa kabisa." Maana yake nyumbani kwetu kuna pesa, na pesa hiyo imeingia mwilini mwa mtoto. Mume wangu Nehemiah alikuwa akisikia hivyo anatabasamu siku nzima, utadhani mashavu yale aliyapanda mwenyewe kwa jembe.

Miaka ya sabini ilikuwa inaelekea kuisha, na huku kwetu, upande wa Kakamega ulio karibu na kiwanda cha sukari, watu walikuwa hawana habari nyingine ila miwa. Kampuni ilikuja na trekta zake, ikalima, ikaleta mbegu na mbolea, na kazi ya mwenye shamba ikawa kupalilia na kungoja. Kazi ya mke wa mwenye shamba, niseme. Waliovuna mapema waling'oa nyasi kwenye paa wakaezeka mabati, na Nehemiah naye akaezeka. Halafu, ili asipoteze hata kipande cha ardhi, alimwambia bwana shamba wa kampuni apime mpaka ukuta wa jikoni. Kunde zangu, maharagwe yangu, kishamba changu cha njugu, vyote vilifukiwa na trekta asubuhi moja kabla sijamaliza kufagia uwanja.

Nilipolalamika aliniambia, "Mama Musimbi, maragwe tunanunuanga sokoni. Mtu ya miwa hapandangi maragwe."

"Na hiyo pesa ya kununua iko wapi sasa hivi?"

"Miwa ikikatwa, utaona."

Shida ya miwa ni kwamba haina haraka. Unangoja mwaka, unangoja na mwingine nusu, na tumbo la mtoto halijui mambo ya kampuni. Kwa hiyo tulikula obusuma, yaani ugali, na majani kidogo niliyochuma kando ya njia, na tulikunywa chai. Chai ilikuwa nyingi na tamu, maana sukari haikutupungukia hata siku moja. Mimi nilishinda shambani nikipalilia, na Musimbi, ambaye nilikuwa nimemwachisha ziwa, alibaki na nyanya yake Khalayi, mama mzazi wa Nehemiah. Mama alimpenda mtoto yule kupita kiasi. Alimmegea obusuma, akachovya katika chai iliyokolea sukari, akamlisha mpaka akashiba. Akimaliza alimpa kipande cha sukari guru anyonye alale.

Kulikuwa na kuku, ndiyo. Lakini mayai yalikuwa ya kuanguliwa, na Mama alikuwa na hakika kwamba mtoto akilishwa yai atachelewa kusema. Kuku mwenyewe, ingokho, alikuwa chakula cha wanaume na wageni wao. Mama alikuwa amezeeka bila kuonja hata mchuzi wake, na alijivunia jambo hilo jinsi watu wengine wanavyojivunia cheti cha shule.

Basi Musimbi akanenepa. Mashavu yakajaa, miguu ikajaa, vidole vya miguu vikawa vinang'aa. Nami, kusema kweli, mwanzoni nilifurahi. Ila nililala naye na kuamka naye, na niliona mambo ambayo wapita njia hawakuyaona. Nywele zake zilikuwa zimekuwa nyekundunyekundu kama ndevu za mahindi, na zilibaki kwenye kitambaa nilipomfuta kichwa. Hakufuata tena kuku uwanjani. Nilimkalisha mlangoni asubuhi, na nikirudi mchana nilimkuta pale pale, anaangalia mbele yake. Mama alisema ni mtoto mtulivu, ana tabia ya watu wakubwa.

Nilimbeba nikaenda kwetu Shinyalu kumwonyesha mama yangu. Kule walikuwa bado na maharagwe na mahindi yao. Mama yangu hakumsifu. Alimwangalia, akamshika mguu, akaniangalia mimi, halafu akavaa kitambaa chake cha kichwa cha kutokea na kusema twende Mukumu, kwa hospitali ya misheni, sasa hivi, chai tutakunywa tukirudi. Sikurudi siku ile. Musimbi alilazwa.

Muuguzi wa wodi ya watoto alikuwa mama mmoja mrefu aitwaye Jescah. Alinionyesha kitu ambacho sijakisahau. Alibonyeza mguu wa Musimbi kwa kidole gumba, akaachilia, na shimo likabaki.

"Zilpah, hii si nyama," akaniambia. "Ni maji. Mwili wa mtoto umekosa chakula cha kuujenga, ukajaa maji."

"Lakini anakula, Sista. Anakula mpaka anakataa."

"Anakula nini?"

Nikamwambia. Hakunicheka wala kunigombeza. Alisema ugonjwa wenyewe unaitwa utapiamlo, na kwamba dawa nyingine zipo, za minyoo, za kuzuia vidonda, lakini msingi wa matibabu ni chakula. Maziwa kidogo kidogo kwanza, halafu maharagwe yaliyopondwa na kuchujwa maganda, yai, njugu za kusaga, samaki wadogo wa kukausha. Kisha akaniambia neno ambalo laiti Nehemiah angekuwepo kulisikia. Alisema, "Chakula kikianza kufanya kazi, maji yatatoka. Mtoto atakonda mbele ya macho yako. Utaona mifupa, na utafikiria tunamuua. Usiogope. Huo unene haukuwa wake. Mwili wake ndio huo utakaouona, na huo ndio tutaanza kuujenga."

Ikawa hivyo hivyo. Musimbi alikojoa na kukojoa, na uso wake ukashuka siku baada ya siku mpaka nikaona taya. Mbavu zikatokeza. Mikono ikawa vijiti. Nilikuwa nimeambiwa, na bado niliogopa hata nikawa namfunika shuka mpaka shingoni ili nisimwone. Lakini macho yake yalikuwa yameanza kufuata watu. Muuguzi akipita, Musimbi anageuza kichwa. Nilishikilia jambo hilo moja kwa sababu sikuwa na lingine.

Hapo ndipo Nehemiah alipokuja kututembelea. Alikuja na koti, na mkate, na chupa ya soda. Alisimama mbele ya kitanda akatafuta mtoto wake, nami nikamwona akiangalia kitanda cha pili.

"Huyu ni nani?" akauliza.

"Ni Musimbi."

Aliweka mkate na soda sakafuni. Kisha akauliza ni sindano gani wanampiga. Nikamwambia sindano hakuna, anapewa chakula. Akauliza chakula gani. Nikamtajia maharagwe, na hapo nikaona shingo yake inavimba. Muuguzi Jescah alikuja mbio kutueleza, na pengine angefaulu, lakini katika kueleza alitamka neno njaa. Alisema tu kwamba ni njaa ya namna fulani, hata aliye na shibe anaweza kuwa nayo. Nehemiah hakusikia zaidi ya neno lile.

"Mimi?" akasema. "Mimi niko na mabati, niko na miwa mpaka mlangoni, mtoto yangu ashikwe na njaa? Nimewaletea mtoto mnene, mnanirudishia mifupa, halafu mnaniambia njaa imetoka kwangu. Si njaa ameipata hapa?"

Wodi nzima ilisikia. Mama wengine waliinamisha vichwa, na mimi nikaona aibu kwa ajili yake, si kwa ajili yangu. Mwanamume wa siku zile ungeweza kumwambia mtoto wake amerogwa, akakushukuru na kwenda kutafuta mganga. Kumwambia mkulima wa miwa kwamba nyumbani kwake kuna njaa ilikuwa ni kumvua nguo sokoni. Alimfunga Musimbi katika koti lake, akatoka. Nilikimbia nyuma yake. Ningefanya nini? Mtoto ni wake, na kwetu mwanamke habaki hospitalini na kitanda kitupu.

Nyumbani Mama Khalayi alipomwona mjukuu wake alilia kwa sauti mpaka majirani wakaja wakidhani kuna msiba. Nilimweleza yote, maji na mwili, jinsi nilivyoelezwa. Alinisikiliza, akanishika mkono, akaniambia kwa upole kabisa, "Mwanangu, mimi nimezaa tisa. Mtoto anaponanga akinona, hakuna mtu anaponanga akikonda."

Utamjibu nini mtu kama huyo? Nilijaribu kuendelea na chakula cha hospitali. Mama yangu alinitumia maharagwe na njugu kutoka Shinyalu. Niliyachemsha asubuhi kabla ya kwenda kwenye miwa, nikayaponda, nikayaacha katika bakuli lililofunikwa, na nikamwomba Mama ampe mchana. Kila jioni bakuli lilikuwa tupu. Nilimshukuru Mungu kwa bakuli lile. Kisha siku moja niliwahi kurudi, nikamkuta Mama uwanjani anawamwagia kuku maharagwe, na Musimbi ameketi karibu naye ananyonya kipande cha sukari guru.

Sijawahi kumpigia kelele mama mkwe wangu kabla wala baada ya siku ile. Siku ile nilimpigia. Yeye alisimama tu na bakuli mkononi, akaniambia maharagwe yatampasua mtoto tumbo, kwamba hospitali wamenidanganya kwa sababu mimi ni mtoto mdogo, na kwamba nimwangalie: uso umeanza kurudi. Ni kweli ulikuwa umeanza kurudi. Mashavu yalikuwa yanajaa. Nilimvua Musimbi viatu, nikabonyeza mguu, na shimo likabaki.

Nilimwonyesha Nehemiah shimo lile. Alisema hata yeye akikaa kwenye kiti muda mrefu anabaki na alama.

Kwa hiyo waliamua kumshukuru Mungu. Nasema "waliamua" kwa sababu mimi sikuulizwa. Nehemiah alisimama kanisani akatangaza kwamba binti yake aliyerudi mifupa kutoka hospitali amepona kwa mikono ya nyanya yake, na kwamba Jumapili inayofuata watu waje nyumbani tuombe pamoja. Walipiga makofi. Nilikuwa nimekaa kwenye benchi la wanawake na Musimbi amelala mapajani mwangu, mzito, moto, na mwanamke aliye nyuma yangu akanyoosha mkono akamminya shavu.

Jumapili ile alichinjwa jogoo mkubwa kuliko wote. Nilimpika mwenyewe. Wanaume waliketi sebuleni na Pasta Onesmus katikati yao, wanawake tulibaki jikoni, na Musimbi, kwa kuwa siku ilikuwa yake, alivalishwa gauni jipya la manjano na kuwekwa kwenye mkeka mbele ya wageni ili kila mtu amwone. Sista Jescah alikuwa ameniambia unene ule ni maji. Nilikuwa namwona kupitia mlangoni, na niliona ngozi ya miguu yake imeanza kupasukapasuka na kuwa nyeusi, imepakwa mafuta mengi ili ing'ae. Aliinamisha kichwa. Pasta aliomba sala ndefu juu ya kichwa hicho.

Kisha nikaingia na beseni la maji ya kunawa, nikawa nazunguka. Nehemiah alipokea sinia, akatafuta firigisi, imondo, ambayo kwa desturi yetu ni ya mwenye nyumba, na kwa heshima akaiweka kwenye sahani ya Pasta. Mke anayekula imondo ya mumewe hurudishwa kwao. Mimi nilijua hayo tangu sijaota meno ya pili. Nilimwangalia mtoto, nikaangalia sahani.

Niliweka beseni chini. Nilichukua ile firigisi kwenye sahani ya Pasta kwa vidole vyangu, nikaitia kinywani, nikaanza kutafuna. Hakuna aliyenizuia kwa sababu hakuna aliyeamini. Nilikuwa sijawahi kuonja kuku tangu nizaliwe, na siwezi kukuambia ladha yake maana sikuisikia. Niliitafuna mpaka ikalainika, nikapiga magoti mkekani, nikamtia Musimbi mdomoni.

"Kuku amechinjwa kwa ajili yake," nikasema. "Basi na ale."

Hakula. Hakutafuna wala hakutema. Kinywa kilibaki wazi kidogo, na ile nyama ikateleza, ikaangukia kwenye gauni jipya. Nilijaribu tena, nikiwa nalia sasa, nikimwambia meza, mama, meza kidogo tu. Aliniangalia kama mtu aliye ng'ambo ya mto.

Nehemiah aliinuka. Aliniinamia nikadhani atanipiga, lakini alimnyanyua mtoto, akamweka kifuani, akasema kwa wageni, "Mnisamehe. Huyu mwanamke ameharibikiwa na akili." Halafu akageuka ampeleke Musimbi chumbani, na Pasta Onesmus akamwambia kwa sauti ya chini asimame.

Ngozi ya paja la Musimbi ilikuwa imebaki kwenye mkono wa shati la Nehemiah. Kipande kipana, chembamba, kimebanduka pale alipomshika. Chini yake palikuwa pekundu na pabichi. Mtu mzima angepiga mayowe kwa kuchubuka hivyo. Musimbi hakutoa sauti yoyote.

Nehemiah alitazama shati. Akamtazama mtoto. "Hasikii uchungu?" akauliza, na alikuwa ananiuliza mimi. Tangu tuoane hakuwa ameniuliza kitu kwa sauti ile. Hakuna mgeni aliyegusa chakula tena.

Mama Khalayi ndiye aliyenifungia mtoto mgongoni. Kitambaa kilifunguka mara nyingi. "Nilimpa alichopenda," akaniambia. "Zilpah, mimi nilimpa tu alichopenda." Nikamwambia najua, Mama. Nilijua, lakini siku ile sikumsamehe, na njia nzima mpaka Mukumu nilimchukia mzee yule kwa nguvu zangu zote.

Muuguzi Jescah alitupokea bila neno la lawama. Alimfunua mtoto, akamfunika, akaniita pembeni, lakini Nehemiah akafuata. Akatuambia sote wawili. "Safari hii amechelewa. Tutaanza upya, maziwa, kijiko kwa kijiko, mchana na usiku. Atakonda kuliko mara ya kwanza. Siwezi kuwaahidi kitu." Nehemiah alitikisa kichwa akikubali kila neno. Nikawaza, kutikisa kichwa ni rahisi, subiri uone mbavu.

Maji yalianza kutoka. Nehemiah hakwenda nyumbani. Alilala kwenye benchi la nje, akaoga bombani, na kila asubuhi aliingia akasimama miguuni pa kitanda. Musimbi alishuka. Mashavu yalikwenda, tumbo likaenda, makalio yakabaki mikunjo ya ngozi. Uso ulikuwa wa bibi kizee. Macho yake, ambayo mara ya kwanza yalianza kufuata watu, safari hii yalikuwa hayafuati mtu. Nilimlisha. Nusu ya kila kijiko ilirudi shingoni. Nilifuta, nikajaza kingine.

Asubuhi moja niliinua kichwa nikamkuta Nehemiah amevaa koti. Chini ya kwapa alikuwa na furushi la nguo za mtoto, limefungwa tayari. Sikusimama. 

"Mama Musimbi," akasema, "nikimwacha hapa na afe, watu watasemanga nilimwacha mtoto afe njaa hosipitali, na nyumbani kuna chakula. Nikimchukua, na afe, wewe utasema nimemuua."

"Nitasema," nikamwambia. "Nitasema kanisani, nitasema sokoni, nitasema mbele ya mama yako. Nitasema mpaka nife."

Alisimama. Nilimwona akimwangalia mtoto kuanzia kichwani mpaka miguuni, mifupa yote, taratibu, pengine kwa mara ya kwanza bila kuangalia pembeni.

"Na wewe unajua hakika atapona?"

"Sijui."

Aliweka furushi chini ya kitanda. Akavua koti. Alikuwa hajawahi kumlisha mtoto tangu aitwe baba, na hakujua hata mkono upi unashika kichwa, ikabidi nimwonyeshe. Nilimpa kikombe, nikampa kijiko. Maziwa mengi yalimwagika kwenye goti lake. Akajaza tena, kidogo zaidi, akasubiri, na Musimbi akameza.